Asiondoke Kabla ya Kalibu: Mjadala juu ya Mhandisi wa Ofisi ya Usanifu

Hoja iliyo mezani ni hii: je, mhandisi mitambo anayefanya kazi katika kampuni ya ushauri wa usanifu, yaani kampuni inayobuni bidhaa za watu wengine kwa malipo bila kuzitengeneza wala kuziuza yenyewe, anaweza kuiva katika fani yake? Msimamo wangu nautanguliza ili anayenipinga ajue anapinga nini. Naamini anaiva, tena haraka kuliko wenzake wengi wa viwandani, ila kwa sharti moja ambalo mikataba mingi hailijali: asiachane na kitu alichokichora mpaka kitoke kwenye kalibu ya kiwanda na kufika mikononi mwa mtumiaji. Sharti hilo likikosekana, anakuwa hodari wa kuanzisha asiyejua mambo yanavyoishia, na hasara yake inawaangukia watu ambao hawakumwajiri na wala hawatamjua.

Wa kwanza kusimama ni mwenye kiwanda. "Ndugu mwandishi," anasema, "unamsifu mtu ambaye ni mgeni kila anakokwenda. Leo anabuni pampu, mwezi ujao kifaa cha hospitali, mwakani spika ya redio. Mimi nina mhandisi aliyekaa na pampu ya aina moja miaka 12. Kila pampu iliyorudishwa na mteja ameifungua kwa mkono wake. Anajua sili ipi inakufa kwanza, na inakufa kwa sababu ya mchanga au kwa sababu ya jua. Huyo wako atayajulia wapi hayo?"

Juu ya thamani ya bidhaa zilizorudishwa sina ubishi naye, na nitalirudia jambo hilo kwa sababu ndiyo nguvu ya hoja yake. Anapokosea ni pale anapouhesabu ugeni kuwa kasoro tupu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na katika kazi hii wapo waliokwenda kuuchunguza ukweli huo. Mwaka 1997 Andrew Hargadon na Robert Sutton walichapisha utafiti wao juu ya IDEO, kampuni ya usanifu yenye chimbuko lake Palo Alto, California, baada ya kukaa ndani ya kampuni hiyo na kuwatazama wahandisi wakiwa kazini. Walichokiona ni udalali wa maarifa. Suluhisho ambalo katika tasnia moja limezoeleka hata hakuna anayelitazama mara mbili, mhandisi hulibeba na kulipeleka kwenye tasnia ambako halijawahi kukanyaga. Kampuni ilifikia hatua ya kuweka makabati ya vifaa na malighafi za kila aina, yaliyoitwa Tech Box, ili aliyekwama aende akavishike vitu kwa mkono badala ya kuwaza hewani. Mfano ulio wazi zaidi unatoka kampuni nyingine, Design Continuum ya Boston. Walipopewa na Reebok kazi ya kiatu cha mpira wa kikapu kitakachoshika vizuri kifundo cha mguu, baadhi ya wahandisi wake walikuwa wameshafanya kazi za vifaa vya tiba. Wakakumbuka magango ya kujazwa hewa yanayofungwa kwenye kiungo kilichovunjika, wakakumbuka na mifuko ya dripu, ambayo watengenezaji wake walikwishajua namna ya kuunganisha plastiki nyembamba bila kuvuja. Kiatu cha Pump kikaingia sokoni mwaka 1989. Mtu aliyeshona viatu miaka 12 asingeifikia njia hiyo, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu hakuna siku ambayo kazi yake ingemfikisha penye mfuko wa dripu.

Tena ugeni una kazi nyingine ambayo husahauliwa, nayo ni kumpa mtu ujasiri wa kuuliza kama sehemu fulani inahitajika kweli. Mwaka 1980 kampuni ya Apple iliipa ofisi changa ya Hovey-Kelley, mojawapo ya zile zilizokuja kuizaa IDEO, kazi ya kubuni kipanya cha kompyuta. Vipanya vilikuwapo tayari kwa Xerox, lakini vilikuwa vya bei ya mamia ya dola na vyepesi kuharibika. Apple ilitaka kitu cha kutengenezwa kwa dola 15 hivi, kisichofia njiani. Dean Hovey alianza na vitu vya dukani: mpira wa chupa ya kuzuia jasho la kwapa na kisahani cha siagi. Lakini kazi iliyokiwezesha kipanya kutengenezwa kwa wingi ilikuwa ya ndani zaidi. Katika kipanya cha Xerox mpira ulikandamizwa kwa springi dhidi ya meza. Hawa wakauacha mpira ulale mezani kwa uzito wake wenyewe. Na badala ya kufunga kila kipande mahali pake na kukirekebisha kimoja kimoja, mhandisi Jim Yurchenco akabuni kiunzi kimoja cha plastiki, kinachotoka kwenye kalibu kwa mkupuo mmoja, ambacho vipande vingine vyote vinajipachika ndani yake na kujikuta viko sawasawa. Usahihi wote ukahamia kwenye kalibu, unaolipiwa mara moja, ukaondoka kwenye mikono ya waunganishaji, unaolipiwa kila siku. Huo ni uhandisi mitambo halisi, na ulifanywa na watu wa nje.

Lakini angalia ulivyofanyika. Kiunzi cha namna hiyo hakibuniwi na mtu anayeishia kwenye mchoro, kwa kuwa hoja yake nzima imesimama juu ya tabia ya plastiki ndani ya chuma. Hapo ndipo ninapoanza kupishana na mzungumzaji wa pili, mkurugenzi wa ofisi ya usanifu.

"Nakushukuru kwa kututetea," anasema, "ila tuzungumze kama watu wazima. Mimi nauza saa. Kila mhandisi wangu anajaza fomu inayoonyesha saa ngapi amemfanyia mteja gani. Mteja ananunua dhana, sampuli na mafaili ya michoro. Nikishamkabidhi, yeye ana kiwanda chake na mtengeneza kalibu wake. Kumtuma kijana wangu akakae kiwandani wiki tatu ni saa ambazo hakuna aliyekubali kuzilipia. Na mafaili yamekamilika, kila kipimo kimo."

Kila kipimo kimo, ni kweli. Kisichomo ni kipi kati ya vipimo hivyo mbuni alikiamini na kipi alikikisia, na napenda nilifafanue jambo hili kwa kuchukua kipande kimoja kidogo. Tuseme ni kifuniko cha plastiki chenye unene wa milimita 2, kinachojifunga kwa ulimi unaonasa kwenye kibonyeo bila skrubu. Nyuma yake kuna ubavu, ule ukuta mwembamba unaokipa nguvu. Ubavu ukiwa mnene sawa na kifuniko, pale vinapokutana plastiki inakuwa nyingi, inachelewa kupoa, inanywea kwa ndani, na upande wa mbele ambao mnunuzi anauona panatokea kidimbwi. Kwa hiyo ubavu hupunguzwa hadi kama nusu ya unene wa ukuta, au zaidi kidogo. Kuta zote za kusimama nazo huinamishwa digrii moja au mbili ili kipande kisigande kwenye kalibu wakati wa kutolewa. Sasa, sampuli ambayo ofisi inaitoa kwenye printa ya pande tatu haijui lolote kuhusu haya. Imejengwa tabaka juu ya tabaka, haikusukumwa kwa shinikizo ndani ya chuma, haikunywea kwa namna ile. Itapendeza mezani, mteja ataifurahia, na kidimbwi kitasubiri mpaka kalibu ichongwe.

Ule ulimi una somo kubwa zaidi. Hakuna hesabu inayoweza kumwambia mhandisi kwa uhakika kabisa kwamba utanasa kwa mlio safi na kufunguka bila kuvunjika. Kwa hiyo mhandisi mzoefu huuchora ukiwa umelegea kidogo kwa makusudi. Kuinyoa kalibu ni rahisi, na kalibu ikinyolewa kipande kinachotoka huongezeka unene. Kurudisha chuma kilichokwisha kunyolewa kunahitaji kuchomelea au kutengeneza upya sehemu ya kalibu, gharama na wiki nyingi. Anapanga kwamba sampuli za kwanza zikitoka atazishika, atazifunga na kuzifungua, kisha aagize kunyoa sehemu ya kumi ya milimita mahali fulani. Mpango huo uko kichwani mwake. Mtengeneza kalibu akiletewa faili bila mtu, anaona kipimo kama vipimo vingine, anakifuata kwa uaminifu, na bidhaa inaingia sokoni na kifuniko kinacholegea. Kila mmoja amefanya kazi yake kwa usahihi. Mkurugenzi anazihesabu zile wiki tatu kuwa hasara, mimi nazihesabu kuwa ndiyo sehemu ya kazi ambayo mteja aliilipia bila kuijua jina, akanyimwa.

"Hiyo ni habari ya vifuniko," mkurugenzi anajibu. "Mteja atalalamika, tutarekebisha." Basi tupande hadi penye uhai wa watu. Design that Matters, shirika la usanifu lisilo la biashara lililoanzia Massachusetts, lilishiriki kubuni NeoNurture, mashine ya kutunzia watoto njiti iliyoundwa kwa vipuri vya gari: taa za mbele kwa ajili ya joto, feni ya kusukuma hewa, king'ora cha mlango kuwa kengele ya hatari. Wazo lilikuwa safi. Hospitali nyingi za nchi maskini zina mashine zilizokufa zisizo na vipuri, ilhali fundi wa magari hakosekani karibu. Mwaka 2010 jarida la Time liliiweka miongoni mwa uvumbuzi bora 50 wa mwaka. Haikuzalishwa. Timothy Prestero, kiongozi wa shirika hilo, amelisema jambo hili hadharani kwa uwazi ambao naustahi: walikuwa wamebuni kitu cha kuwavutia watu, bila kujua ni nani atakayekitengeneza, nani atakayekinunua na kitapita njia gani kufika wodini. Kazi yao iliyofuata, Firefly, taa ya kutibu manjano ya watoto wachanga, waliianza wakiwa na mtengenezaji, kampuni ya MTTS ya Hanoi, Vietnam, na wakaingia wodini kuangalia kifaa kinavyotumiwa vibaya. Waliona wodi zikijaza watoto kadhaa chini ya taa moja, wengine wakabaki pembeni mwa mwanga, basi kitanda cha Firefly kikafanywa kidogo kiasi cha kutoshea mtoto mmoja tu. Waliona mama akimwona mwanawe uchi humfunika, na nguo inazuia mwanga wa juu, basi wakaweka mwanga mwingine chini ya mtoto. Kifaa hicho kilizalishwa na kinatibu watoto katika nchi nyingi. Shirika ni lile lile na ari ni ile ile. Tofauti ni wapi waliweka mwisho wa kazi yao.

Hapo anainuka mhandisi kijana, binti aliyemaliza chuo juzi. "Shikamoo, mzee. Nimekusikiliza kwa makini, lakini Boston, Palo Alto na Hanoi ni mbali na mimi. Hapa nikisema nataka kubuni bidhaa, naambiwa nikatafute kazi ya matengenezo ya mashine kiwandani, au nisimamie viyoyozi vya majengo. Hata ofisi za namna hiyo zingekuwapo, zingenifunga na mkataba wa usiri nisiweze kumwonyesha mtu nilichofanya. Sharti lako linamhusu mtu aliyekwisha kupata kazi."

Marahaba, mwanangu. Jibu la kwanza ni kwamba kazi hii haikuanza jana kwetu. TEMDO ya Arusha ilianzishwa kwa sheria ya Bunge la Tanzania mwaka 1980 kwa ajili hiyo hiyo: kubuni mitambo, kuunda sampuli, kuzipeleka kwa watengenezaji. Ni ofisi ya usanifu ya umma, na swali ninalowauliza wa Boston linawahusu wao pia: sampuli iliyofanya kazi vizuri kwenye maonyesho ilimfikia nani, na aliyeichora aliifuata mpaka wapi? Nairobi nako kuna mfano wa njia nyingine. Martin Fisher na Nick Moon walianzisha ApproTEC mwaka 1991, baadaye ikaitwa KickStart, wakauza pampu za miguu za MoneyMaker kwa wakulima wadogo kupitia maduka ya kawaida. Shirika hilo lilibuni, likatafuta watengenezaji, likauza, likapokea malalamiko ya wakulima. Mwenye kiwanda atasema huo ni ushahidi wake, kwa kuwa mbuni na muuzaji ni nyumba moja. Nakubali kwamba nyumba moja hurahisisha. Lakini hatuwezi kusubiri kila mwenye wazo zuri ajenge nyumba yenye vyumba vyote hivyo, na hasa kwetu, ambako kalibu nyingi zinaagizwa China na sampuli za kwanza zinapigwa picha na kutumwa kwa simu. Umbali huo unaiongezea nguvu hoja yangu. Pale mchoraji na mchonga kalibu wanapokuwa mtaa mmoja, makosa hurekebishwa kwa kupitiana. Wanapotenganishwa na bahari, asiyesafiri hajui.

Na juu ya kazi yenyewe kuwa ya kigeni, kuna kifaa ambacho historia yake imepita humu humu kwetu. Amos Winter wa chuo cha MIT alikuja Tanzania mwaka 2005 kuchunguza matumizi ya viti vya magurudumu, akakuta tatizo ambalo kila anayeishi kijijini analijua: kiti cha kawaida hakimfikishi mtu shuleni kwenye njia ya mchanga na mawe, na baiskeli ya mikono haiingii ndani ya nyumba. Likazaliwa wazo la kiti chenye vyuma viwili virefu vya kusukuma. Ukishika juu unapata nguvu ya kupanda mlima, ukishika chini unapata mwendo, kwa hiyo gia inabadilishwa na mkono wenyewe bila mtambo wa ziada. Mnyororo na vifaa vyake ni vya baiskeli. Kwenye karatasi kilikuwa kimekamilika. Kilipojaribiwa na watumiaji wa Afrika Mashariki mwaka 2009 wakasema wazi: kizito mno, kipana mno, ndani ya nyumba hakifai. Kikachorwa upya, kikajaribiwa Guatemala mwaka 2010, kikachorwa tena, kikajaribiwa India mwaka uliofuata, na huko ndiko kilikoanza kuzalishwa. Katika safari hiyo Continuum, ile ile ya kiatu cha hewa, ilishirikiana na wabunifu. Mhandisi ambaye mkataba wake ungemalizika 2008 angejiandikia kwenye wasifu wake kwamba amebuni kiti cha magurudumu cha ajabu, na asingekuwa amesema uongo. Wala asingejua kwamba hakipiti mlangoni.

Fundi baiskeli, aliyekaa nyuma muda wote, anaomba neno moja. "Hicho cha mnyororo nakikubali, maana hata mimi nitakitengeneza. Lakini vitu vingi vya hao wasanifu vimefungwa kwa gundi. Hakuna skrubu, hakuna pa kuingiza bisibisi. Anayevibuni anadhani havitaharibika?" Ana haki, na sitatafuta njia ya kumzunguka. Palm V, kompyuta ya mkononi iliyobuniwa na IDEO na kutoka mwaka 1999, ilisifiwa kwa wembamba wake, na wembamba huo ulipatikana kwa kuuacha mtindo wa skrubu na kuligandisha ganda lake la alumini kwa gundi. Ulikuwa uamuzi wa kiuhandisi uliofanywa na watu wenye ujuzi mkubwa, na simu zetu za leo zimeufuata. Ninachodai ni kwamba uamuzi wa namna hiyo hufanywa kirahisi zaidi na mtu ambaye hakuna kilichovunjika kitakachorudi mezani kwake. Mhandisi wa pampu wa yule mwenye kiwanda angesita.

Ndiyo maana hoja ya bidhaa zilizorudishwa naikubali yote, kisha nataka iwekwe kwenye mkataba wa ofisi ya usanifu. Mkurugenzi anauliza nani alipe. Alipe mteja, kwa pesa zile zile ambazo vinginevyo zitaishia kwenye kuchomelea kalibu. Theluthi ya ada ya hatua ya mwisho isubiri mpaka sampuli za kwanza kutoka kwenye kalibu ya kweli zipimwe mbele ya aliyezichora. Saa hizo ziandikwe kwenye fomu kama saa nyingine. Michoro inayokabidhiwa iambatane na orodha ya vipimo vilivyoachwa vilegee kwa makusudi, na sababu ya kila kimoja. Mkataba wa usiri, ambao unamlinda mteja dhidi ya washindani na ninauelewa, usimzuie mhandisi kuambiwa kazi yake ilivunjikia wapi. Na baada ya miezi sita ya mauzo, mteja atume vilivyorudishwa, hata kama ni kisanduku kimoja, vifunguliwe na yule yule.

"Mteja akikataa?" anauliza mkurugenzi.

Wapo watakaokataa, hasa wenye haraka ya kuonyesha kitu kwa wafadhili. Hao wauziwe sampuli, na kwenye ankara iandikwe hivyo, kwamba wamenunua sampuli. Binti aliyeuliza naye, siku atakapokaa mbele ya wanaomsaili kwa kazi, awaulize kabla ya mshahara: mradi wenu wa mwisho, aliyeuchora alikuwa wapi siku kalibu ilipofunguliwa mara ya kwanza?